Mkwe na Mkamwana Wasikutane Stoo

Atu mwanangu,

Katika nchi hii yote kuna watu wawili tu waliowahi kuisoma programu ya stoo ya dawa kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho bila kuugua. Mmoja amezikwa Rungwe. Wa pili ni mimi baba yako, mwanamume ambaye cheti chake kikubwa kuliko vyote ni cha ubatizo. Waletwe maprofesa hapa Ilomba, wapangwe kwenye benchi langu la kutengenezea simu, sitawaogopa hata kidogo. Nitawauliza swali moja tu, "SHANGAZI anaitwa na nani?" halafu nitakaa pembeni niangalie wanavyojikuna vipara.

Najua unacheka. Cheka, mama, ila soma.

Nakuandikia mchana huu mkiwa Mwanjelwa, wewe na mama yako, mnatafuta begi lenye zipu ya kuaminika. Kesho alfajiri unapanda basi la Iringa. Habari za sweta, za kutopokea biskuti kwa abiria usiyemjua, za kumsalimia shangazi yako Tosamaganga Jumapili ya kwanza, hizo mama yako ameshazisema na atazirudia hadi dirishani pa basi. Mimi nina jambo moja tu, nalo linahusu kazi unayoiendea. Unakwenda kuitunza programu ileile, katika hospitali zote ambazo bado zinaitumia, na kwenye flashi yako umebeba kurasa zangu. Juzi nilikusikia ukimwambia jirani, "Kurasa za baba hazijawahi kunidanganya." Nilikuwa nakunywa chai, ikanipalia. Kuna ukurasa mmoja, Atu, ambao haukusema kweli yote. Sitaki ufike Iringa ukauegemea kama ukuta.

Nitaufikia. Acha kwanza nijisifu, maana nikianza na aibu sitafika mbali.

Nilivyoingia kwenye kazi hii umesimuliwa na mama yako, na masimulizi yake yana chuki. Ukweli ni huu. Hospitali ile ya milimani, unaijua, waliniita nitengeneze printa. Nikaitengeneza, ilikuwa na mende. Mganga mkuu, mzee mmoja mpole, akaniuliza, "Fundi, na programu unaziweza?"

"Programu ipi, daktari?"

"Ya stoo ya dawa. Aliyeiandika amefariki, na kila anayekuja kuitazama anaondoka na nauli yetu."

Nikavuta pumzi. Nikasema, "Hizo ndizo zangu."

Wakati huo nilikuwa sijawahi kuona mstari hata mmoja wa programu. Nilidhani programu ni kitu kinachokaa ndani ya CD kama wimbo. Lakini kijana aliyeishia kidato cha pili akisema "siwezi," nani atamwita tena? Ninyi wenye vyeti mnaweza kusema "sijui" na watu wakaona ni unyenyekevu. Sisi tukisema hivyo watu wanaona ni kweli.

Wakanipa mistari elfu kumi na nne. Lugha yenyewe ya zamani, ile ambayo wenzako wa chuo mnaisikia kama habari za mkoloni. Aliyeiandika alikuwa Mwalimu Anyelwisye, mwalimu wa hesabu, Mnyakyusa wa Rungwe, aliyejifunza kompyuta kwa kitabu kimoja kilichokosa jalada. Sikuwahi kumwona. Lakini nakuambia, nimeishi na mtu yule kuliko nilivyoishi na ndugu zangu wa Nyololo. Najua alipochoka, kwa sababu hapo mistari inakuwa mifupi. Najua alipogombana na mkewe, maana kuna mahali amemwita mtumiaji "wewe mwanamke" bila sababu yoyote.

Na majina! Wengine huziita sehemu za programu A1, A2, kama vyumba vya gesti. Mwalimu aliziita kwa ukoo. MZEE ndiye anayeamka wa kwanza na kuwaamsha wengine. SHANGAZI kazi yake ni kuchapa ripoti, yaani kutangaza habari za kila nyumba. MKWE anaandika dawa zinazoingia stoo. MKAMWANA, yaani mke wa mtoto wake, anaandika zinazotoka kwenye dirisha la kutolea dawa. Mtu anayeweza kupanga stoo nzima ya hospitali kama boma, kila mmoja na heshima yake, huyo ungempa shule gani? Mimi ningempa ya kufundisha mawaziri.

Basi, nilianzaje kuielewa? Hapa ndipo akili yangu ilipowaka, na hili hata mama yako hulikubali akiwa na furaha. Niliichapa yote kwenye zile karatasi ndefu zenye matundu pembeni, nikazitandaza sebuleni, kutoka kwenye kochi hadi mlango wa jikoni. Kisha nikachukua uzi wa cherehani wa mama yako. Kila mahali jina linapoitwa, nikabana pini, nikavuta uzi mwekundu hadi pale jina lilipoandikwa. Na kila sehemu inayoandika kwenye faili, nikavuta uzi wa bluu hadi kwenye faili hilo.

"Baba Atu, huo ni uzi wa sare za kwaya," mama yako akasema.

"Nakopa tu."

"Unakopa uzi umeukata vipande mia mbili?"

Wiki mbili hatukupita sebuleni. Tulizungukia uani. Wewe ulikuwa na miaka sita, na wewe tu ndiye uliyeruhusiwa kuingia, kwa sababu ulikuwa unapita chini ya nyuzi bila kuzigusa. Ukashika uzi mmoja, ukaniuliza, "Baba, huu unaenda wapi?" Nikakwambia, "Ufuate." Ukaufuata chini ya meza, ukatokea upande wa pili, ukarudi, ukafuata mwingine. Siku ya tatu ukaniletea habari: "Huyu MJUKUU hana uzi hata mmoja. Hakuna anayemwita."

Nikaangalia. Kweli! Mistari sitini ya bure, imelala humo miaka yote, hakuna anayeihitaji. Niliwatangazia mtaa mzima kwamba mwanangu wa chekechea amegundua kosa la mwalimu wa hesabu. Tangu siku ile nilijua utakwenda mbali kuliko mimi. Sikukwambia kwa sababu ungevimba kichwa, na kichwa chako tayari kilikuwa kikubwa.

Baadaye, kwenye intaneti kafe moja ya Mwanjelwa, nikakipata kile chombo cha bure unachokijua, kinachofanya kazi ya uzi bila pini. Unakilisha mistari, chenyewe kinakutolea kurasa, na kila jina limepigiwa mstari wa bluu. Ukilibofya linakupeleka lilipozaliwa. Chini yake kuna orodha ya wote wanaoliita, nao ukiwabofya wanakupeleka kwao. Atu, wewe umezaliwa ukakuta mambo haya yapo, hujui ladha yake. Mimi niliyetambaa sebuleni na pini mdomoni nilipobofya mara ya kwanza, nikatoka MZEE nikatua kwa SHANGAZI kwa pigo moja la kidole, nilisimama nikapiga makofi peke yangu. Mwenye kafe akadhani nimeshinda bahati nasibu.

Ila chombo kile kilijua njia tu, hakikujua sababu. Kinakuonyesha kwamba huyu anamwita yule, hakikwambii kwa nini. Ndiyo maana nikaanza kuongeza kurasa zangu mwenyewe, moja kwa kila jina, za Kiswahili, nikaziunganisha na zile zake. "Hapa Mwalimu anagawa kwa kumi na mbili kwa sababu zamani makopo yalikuja kwa dazeni." "Hapa usiguse, Februari inaharibika." Ulipoanza chuo ulinicheka eti nimeandika kama mtu anayemwandikia shemeji. Halafu ukasema, "Lakini baba, nimeelewa." Hili sijauambia hata moyo wangu, naliandika hapa kwa mara ya kwanza: kauli ile ilinitosha kuliko malipo yote.

Sasa tuje kwenye uchafu.

Mwaka wa tatu wa kazi ile, wauguzi wa dirishani walinijia juu. "Fundi, mashine inalala. Wagonjwa wanapanga foleni hadi nje kwenye mvua, sisi tunaangalia kioo." Nikafungua kurasa zangu, nikabofya, nikafuata. Nikamkuta MKAMWANA anasimama. Kila mara kabla ya kuandika anaangalia kama kuna faili fulani kwenye diski, na akilikuta anasubiri hadi litoweke. Faili lenyewe linaitwa KIKOHOZI. Nikalifungua. Tupu! Halina hata herufi. MKWE akiingia kuandika analiweka, akitoka analifuta. Nikabofya kuona nani analisoma. Hakuna. Nani analiita? Hakuna. Jina lake lilikuwa limeandikwa kama maneno ya kawaida ndani ya alama za kunukuu, na chombo changu hakifungi uzi kwenye maneno. Juu yake Mwalimu ameacha mstari mmoja wa maelezo: "Huyu akipita, yule ageuke."

Nilicheka, Atu. Nilisema, mzee alikuwa ameshachoka hapa, anaandika mafumbo. Nikamkumbuka MJUKUU wako asiye na uzi. Nikasema, hiki nacho ni kitu kilichokufa. Nikafuta KIKOHOZI chote, pamoja na ule mstari wa fumbo. Dirisha likawa jepesi kama unyoya. Wauguzi walinipigia vigelegele, wakanipa gunia la viazi. Ulikula chipsi mwezi mzima, labda unakumbuka.

Wewe msomi umeshaona kosa, na pengine umeshashika kichwa. Ngoja nilieleze kwa njia yangu, kwa sababu siku moja utamweleza mtu ambaye hakusoma chuo. MKWE akitaka kuandika mzigo ulioingia, haandiki palepale. Anabeba daftari lote kichwani, anaongeza yake, halafu analiandika lote upya. Ikiwa katikati hapo MKAMWANA ameandika kwamba makopo tisa yametoka, MKWE hana habari. Anaandika daftari lake la zamani juu yake, na yale tisa yanafutika kana kwamba hayajatoka. Kompyuta inasema arobaini. Kwenye rafu yapo thelathini na moja.

Kila siku mzigo ulipoingia na dirisha likiwa na watu, kitu kilifutika. Kidogo kidogo. Dawa ya malaria, dawa ya kifafa, sindano. Na kwa kuwa kompyuta haina shangazi wala mjomba wa kumpendelea, watu wakaiamini kompyuta. Aliyekuwa na ufunguo wa stoo alikuwa mmoja, mama Fausta, Mbena wa Njombe, mwanamke wa makamo aliyekuwa akikunja hata maboksi matupu kwa usawa. Wakamsimamisha kazi kwa wizi wa dawa. Kamati ikaambiwa ikae Ijumaa ya wiki inayofuata.

Mimi nilisikia nikasikitika, kama unavyosikitika kwa jambo la watu wengine. Nikasema hata wacha Mungu huanguka. Nilisema hivyo, kwa mdomo huu.

Jumapili tukiwa uani, mama yako anamenya ndizi, mimi namsimulia nilivyomshinda marehemu. Nikaigiza: MKWE anaingia, anaacha kikohozi mlangoni, eti mwenzake ageuke! Mama yako akashusha kisu.

"Umemzuia mzee asikohoe?"

"Ni faili tupu, mama Atu."

"Tupu kwako wewe. Mama yangu akiwa kisimani, akisikia babu anakohoa njiani, anaacha ndoo palepale anaingia kwenye migomba hadi mzee apite. Kwetu mkwe na mkamwana hawapishani. Yule mwalimu ni mtu wa kwetu, hakuwa anatania. Ninyi Wahehe mnakutana na wakwe zenu kama mbuzi sokoni, ungejuaje?"

Aliendelea kumenya ndizi. Mimi sikuendelea na chochote. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, na mbele yangu naiona programu nzima ya Mwalimu ikifunguka kama haijawahi kunifungukia. Hakuhitaji kurasa kumi za maelezo. Alichukua heshima ambayo kila mtoto wa kwao anaijua kabla ya kuota meno, akaifanya kufuli. Kufuli la faili tupu! Kwa kitabu kisicho na jalada! Nimeona kazi nyingi za mafundi, Atu, na zako nimeziona, na bado sijaona iliyonifanya nijione mdogo kwa furaha kama ile. Na hapohapo chini ya furaha nikakumbuka nilichokifanya. Nilikuwa nimeikata.

Uzi wangu ulionyesha nani anamwita nani. Haukuonyesha nani anampisha nani. Ukifika Iringa utakuta vyombo vipya, vizuri kuliko changu, vitakavyokuchorea hata picha. Vipende, vinastahili. Lakini ukikuta kitu hakina uzi hata mmoja na bado kimekaa humo miaka ishirini, kabla hujakikata mtafute mtu wa kwao umuulize. Siyo lazima awe fundi. Mimi wa kwangu alikuwa anamenya ndizi.

Jumatatu asubuhi nilikuwa hospitalini kabla ya mlinzi kufungua geti. Nikakirudisha KIKOHOZI na ule mstari wa Mwalimu, neno kwa neno. Wauguzi wakalalamika, "Fundi, imeanza tena kulala." Nikawaambia ni vumbi. Kwenye ukurasa wangu nikaandika: "Faili la kuzuia kugongana. Lisifutwe kamwe." Ndio ukurasa wenyewe. Umeusoma mara nyingi. Kila neno lake ni kweli, na hakuna mahali unaposema kwamba liliwahi kufutwa, wala nani alilifuta, wala kilichotokea siku zile ambazo halikuwepo.

Leo, kabla sijaanza barua hii, nimeuandika upya. Nimeweka jina langu, nimeweka wiki zile, na nimeunganisha ripoti za stoo za wiki hizo ili yeyote akibofya aone tofauti zinaanza siku gani na zinakoma siku gani. Umo kwenye flashi, juu ya ule wa zamani. Nakala nimeichapa kwa ajili ya mganga mkuu wa sasa, nitampelekea mkononi. Na Jumamosi nakwenda Njombe. Mama Fausta yuko huko, anauza miche ya parachichi kando ya barabara, nimeuliza. Sijui atanipokeaje. Akinitoa mbio itakuwa haki yake, na mimi sina spidi ya zamani.

Mama yako hajui sehemu hii. Wewe ndiye wa kwanza. Nimetaka ulijue kwangu, kwa sababu kesho unakuwa fundi wa watu, na umekuwa ukiniangalia mimi tangu ulipokuwa unapita chini ya nyuzi.

Kosa la kukata kikohozi silo nililotaka kukuambia. Lile ni la ujinga, na ujinga mimi nimeuzoea, ninaishi nao nyumba moja. Ni hili.

Jumatano ya wiki ile, siku mbili tangu nikirudishe, siku mbili kabla ya kamati, mama Fausta alikuja hapa kwenye benchi langu. Alikuwa na simu mkononi, akasema haichaji. Nikaichomeka, ikachaji. Hakuondoka.

"Kamwene, fundi," akanisalimia, kama ndiyo kwanza amefika.

"Kamwene, mama."

"Nina swali la kijinga."

Nikamtania, kama kawaida yangu. "Maswali ya kijinga hayapo, mama. Kuna mafundi wajinga, na leo hawajaja kazini."

Akatabasamu kidogo. Kisha akaniuliza, "Ile mashine ya stoo. Inaweza kukosea? Mimi niliandika zote, fundi. Kila kopo. Nimekaa nyumbani najiuliza kama nimeanza kuwa mwendawazimu."

Hapakuwa na mtu mwingine pale. Angehitaji neno moja tu kutoka kwangu, na Ijumaa angelibeba mbele ya kamati. Mimi nikafikiria gunia la viazi, na mganga mkuu anayeniita mtaalamu, na cheti changu cha ubatizo.

Nikamwambia, "Mashine haikosei, mama. Watu ndio wanaokosea."

Akaitikia kwa kichwa. Akachomoa simu yake, akanishukuru, akaenda. Ijumaa wakamfukuza.

Hakuiba hata kidonge, Atu. Nilijua, na nilikuwa nimemwangalia usoni.

Baba yako